Babu Kobe na Rangi Iliyobanduka

Babu Kobe anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja, baada ya miaka thelathini na minne ya kuhesabu kobe wa kinamasi chetu. Jina hilo tulimpa sisi vibarua, kwa sababu ya mwendo wake, na kwa sababu ukimuudhi anaingiza shingo kwenye kola ya koti na hasemi neno mpaka jioni.

Alianza kazi kama mkata majani. Kuhesabu alifundishwa na mtafiti wa kwanza wa kituo, na sisi tukafundishwa na yeye, akichora kwa kijiti kwenye matope. Kobe wote huwezi kuwaona. Basi kamata mia mbili, watie alama, warudishe majini wachanganyike na wenzao. Kisha kamata mia uone wangapi wana alama. Ukipata arobaini, yaani wawili katika kila watano, basi wale mia mbili nao ni wawili katika kila watano wa kinamasi kizima: kobe kama mia tano. Alama zikipungua, maana yake kobe ni wengi zaidi. "Ila alama isitoke, wanangu. Ikitoka mmehesabu upepo."

Yeye aliichonga kwa tupa ukingoni mwa gamba. Haifutiki.

Alitufundisha pia kwamba idadi ina milango minne: kuzaliwa, kufa, kuhamia na kuhama. Sisi tuliotoka mbali alitutania: "Nyinyi niwaandike mlango gani, wa kuingia hapa au wa kutoka kwenu?" Tulicheka. Wengine tulicheka kidogo.

Miaka mitano iliyopita Mkuu wa Kituo aliona tupa inachelewesha kazi, akaleta rangi ya kopo. Kobe mia mbili walipakwa kwa siku mbili. Brashi nilishika mimi. Baada ya miezi mitatu tulikamata mia, na wenye rangi walikuwa watano tu. Ofisini wakapiga hesabu wakapata kobe elfu nne, wakapongezana kwa soda. Babu Kobe aliingia na kobe mkononi, akakwaruza gamba kwa ukucha. Mabaki ya rangi yakabanduka kama ganda la kitunguu.

"Bosi, hawa ni walewale."

"Mzee, mimi naangalia takwimu, siangalii kucha."

Watu wakaangua kicheko. Babu akanitazama mimi niliyepaka. Mkataba wangu ulikuwa unaisha wiki ile. Nikatazama sakafu.

Kwa sababu ya hao elfu nne, nusu ya kinamasi ilikaushwa kupisha machimbo ya udongo wa matofali. Babu alisema nusu iliyobaki haitawatosha hata wale mia tano wa kweli, wa hesabu zake za tupa, maana chakula na nafasi haviongezeki kwa kuandikwa kwenye karatasi. Mwaka jana tulirudia hesabu, kwa tupa. Wamebaki sitini.

Ndipo Babu akaletewa barua ya onyo: mhesabuji hakutia alama ipasavyo. Ameomba mara tatu iondolewe kwenye faili lake. Bado imo, na kwa sababu ya barua hiyo anaondoka bila cheti cha utumishi mwema.

Nimeombwa niandike maneno mazuri kwa ajili ya sherehe. Niliyo nayo ni haya. Katika miaka yote hiyo, alama ya Babu Kobe haikutoka hata moja. Zilizotoka nilizipaka mimi, kwa amri ya Mkuu, aliyekaa mstari wa mbele leo. Nimeyaandika hivyo kwenye barua, nimeitia saini, na asubuhi nimeiweka mezani kwake. Mkataba wangu unaisha tena mwezi ujao. Safari hii sitazami sakafu.

Babu, asante kwa kutufundisha kazi, na asante kwa kutoniuliza kwa nini nilinyamaza. Nenda ukapumzike na Bibi, magoti yapate nafuu baada ya maji yote yale. Tupa uliyoniachia ninayo. Siku ukija kuwaona kobe wako, pitisha kidole ukingoni mwa gamba, utawajua.