Bikoni Ndani ya Sebule

Wasikilizaji wapendwa, kaeni vizuri. Leo namkumbuka mtu aliyeniudhi kwa miaka kumi na minne, na nimeingia studio nikiwa bado sijamaliza kuudhika naye. Amefariki wiki mbili zilizopita. Kwa hiyo hata nafasi ya kumjibu sina tena, na nikimfikiria vizuri, naona kama alilipanga hilo.

Alikuwa mpima ardhi. Miaka thelathini na sita alipima viwanja vya watu, mashamba ya watu, barabara, hata makaburi. Mtaani walimwita Bikoni. Kwa wasiojua, bikoni ni lile jiwe fupi la saruji lenye namba, linachimbiwa kwenye kona ya kiwanja kuonyesha mpaka. Na yeye alikuwa hivyo hivyo. Mfupi, mgumu, namba zimejaa kichwani, na ukimsukuma hasogei.

Mimi nilimjuaje? Nilisomea upimaji chuoni miaka miwili. Mwaka wa tatu mimi na chuo tuliachana kwa amani, kila mtu akaona amepumzika. Lakini kabla ya hapo nilipelekwa kwa Bikoni kujifunza kazi. Siku ya nne nikaona nimtanie mzee. Alipokwenda kunywa chai, nikasogeza bikoni moja ambayo saruji yake ilikuwa bado mbichi. Nikaisogeza upana wa kiganja, basi. Akarudi na kikombe mkononi. Hakugusa tepu. Alisimama ng'ambo ya shamba, akatazama kama mtu aliyeingia kwake akakuta kochi limegeuzwa. Akasema, "Rudisha sentimita nane."

Nikapima. Zilikuwa nane. Nalirudia hilo, wasikilizaji, maana mtalihitaji huko mbele. Sentimita nane, kwa macho tu, toka ng'ambo ya shamba. Na bado akanituma nikapime mara ya pili, kwa sababu hata macho yake mwenyewe alikuwa hayaamini.

Neno moja alilichukia kuliko yote, nalo ni "hivi". Mita ishirini hivi. Saa nne hivi. Ukilitamka mbele yake, umekwisha. Siku moja aliniambia kwa nini. Alipokuwa kijana kazini, jioni moja amechoka, alikadiria mpaka mmoja kwa macho. Alisema, iko hapa hivi. Miaka miwili baadaye familia moja ikavunjiwa jiko lao, kwa sababu lilikuwa limejengwa upande usio wao. Aliniambia mama wa nyumba ile alisimama pale na sufuria zake mikononi, hajui aziweke wapi. Tangu siku hiyo, kwa Bikoni, hakuna hivi.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Mgongo ulimuuma miaka mitatu. Miaka mitatu, wasikilizaji! Akasema ni yale mastendi ya vyombo vya kupimia aliyobeba begani maisha yake yote. Mkewe, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, mama mwenye sauti ya kuita wanafunzi mia nne, akamwambia nenda hospitali. Akasema ataenda. Alipokuja kwenda, saratani ya tezi dume ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Mtu anayejua mpaka wa kila kiwanja mjini hakujua kwamba ndani yake mwenyewe kuna mvamizi ana miaka mitatu anajenga.

Akapewa sindano za homoni. Zikafanya kazi, zikachoka. Akapewa dripu za kemikali, nazo zikachoka. Ndipo daktari akamweleza kuhusu dawa ya mionzi. Hii haipigwi kwa mashine toka nje. Inaingia kwenye mshipa, inatembea na damu, inatafuta alama iliyoko kwenye chembe za saratani, inaganda pale pale na kuziunguza kwa karibu. Bikoni alifurahi kama mtoto. Alirudi nyumbani akamwambia kila mtu kwamba hatimaye wametengeneza dawa inayosoma ramani.

Furaha ilidumu wiki moja. Maana dawa hiyo inaunguza pia tezi za mate, na mdomo wake ukakauka kama karatasi. Akawa anatembea na chupa ya maji kila aendako, analalamika kwamba dawa imevamia kiwanja cha jirani na hakuna aliyeichukulia hatua. Akaambiwa akojoe amekaa, avute maji mara mbili, maana mionzi hutoka na mkojo. Hilo nalo lilimkera. Alisema amesimama miaka sitini na minane, leo anakalishwa na karatasi ya maelekezo.

Lakini kilichomvuruga hasa kilikuwa kitu kingine. Unapochomwa dawa hii, kwa siku kadhaa mwili wako wenyewe unatoa mionzi kidogo. Kwa hiyo unakaa mbali na watoto wadogo na wajawazito. Na binti yake wa pekee, fundi umeme anayepanda nguzo za barabarani, alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza. Mjukuu wa kwanza. Bikoni akamuuliza nesi, nikae mbali kwa muda gani? Nesi, masikini, hakujua anaongea na nani. Akasema, kama wiki moja hivi.

Mkewe alinisimulia yaliyofuata huku ameshika kichwa. Mzee alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Akasema, "Binti yangu, wiki moja, kama wiki moja, na wiki moja hivi. Umenipa majibu matatu. Nichague lipi?"

Nesi akasema wiki moja inatosha. Mzee akauliza, inatosha kwa kipimo cha nani? Foleni nyuma yake ikaanza kukohoa.

Akarudi nyumbani kwa basi, mwendo wa saa sita barabarani, kiti cha nyuma peke yake. Akachukua kopo la maziwa, akalijaza saruji, akalipaka chokaa, akaandika B2. B1 alikuwa ameshaiweka mlangoni pa chumba alicholala peke yake. Hii B2 akaiweka sebuleni, mita mbili kamili toka mguu wa kiti chake. Hakuna mtu kuvuka. Mimi nilikwenda kumwona nikakaa upande wangu, nikanyoosha mguu kwa makusudi ukavuka kidogo. Aligonga fimbo sakafuni mpaka nikaurudisha.

Binti yake akamwambia, "Baba, mimi nashika nyaya zenye moto kila siku. Wewe moto wako ni kiasi gani?"

"Nyaya zina kipimo," akajibu. "Mimi nimepewa 'hivi'."

Mtoto akazaliwa wiki mbili baada ya dozi ya pili. Wa kike. Hiyo wiki moja ya nesi ilikuwa imeshapita, lakini Bikoni alikuwa anahesabu ya kwake. Akamwona mjukuu toka mita mbili. Binti alimwinua mtoto juu kama anayeonyesha mzigo dukani, na babu akatikisa kichwa toka kwenye kiti, akasema ana masikio mazuri. Alimwita Mpangaji, kwa sababu kaingia nyumba ya watu na kila mtu kahamishwa chumba.

Mnaona shida ilipo? Saratani imesambaa. Dawa inatolewa kila baada ya wiki sita, na kila dozi anaanza kuhesabu upya. Dozi ya tatu ikacheleweshwa mara ya kwanza kwa sababu damu yake ilikuwa imeshuka. Ikacheleweshwa mara ya pili kwa sababu kichupa kilikwama uwanja wa ndege kikisubiri saini. Na dawa hii haisubiri, wasikilizaji. Nguvu yake inapungua yenyewe kila siku, hata ikiwa imekaa kwenye boksi. Saini ilipopatikana, dawa haikufaa tena. Amekaa kwenye basi saa sita nzima, ameambiwa rudi. Mkewe anasema siku hiyo mzee hakugombana na mtu. Alikaa kwenye benchi la mapokezi, akamuuliza kwa sauti ya chini, mtoto sasa ana wiki ngapi? Akamwambia nane. Akasema, "Wiki nane, na sijui uzito wake."

Hapo ndipo mama alipojua kwamba yule mtu hakai nyuma ya bikoni kwa sababu ya ubishi peke yake.

Dozi ya tatu ikapatikana baadaye. Baada ya dozi ya nne, picha zikaonyesha saratani imeizidi dawa mbio. Daktari akasema tusimamishe. Akasema imebaki miezi, tena michache. Mjukuu alikuwa ameanza kukaa mwenyewe. Hakuna dozi nyingine. Siku zote za kukaa mbali zimeshapita, zimepita mara tano. Na Bikoni bado amekaa nyuma ya B2.

Mama akachemka. Akapanda basi peke yake, akaenda hospitali, akasimama dirishani na sauti yake ile ya mia nne, akasema haondoki bila barua. Akaandikiwa, na muhuri ukapigwa. Barua ilisema mzee yuko salama kabisa kukaa na mjukuu wake kuanzia sasa. Akarudi nayo usiku ameishika kama yai. Asubuhi mzee akaisoma mara mbili. Akauliza, hii "sasa" ni ya lini? Haina tarehe.

Walisahau tarehe, wasikilizaji. Muhuri upo, saini ipo, tarehe hakuna.

Mama alinipigia simu siku hiyo. Sitarudia hapa hewani maneno yote aliyoyasema kuhusu hospitali, kuhusu upimaji ardhi kama fani, na kuhusu siku aliyokubali kuolewa. Lakini mwisho alitulia akaniambia, "Mwanangu, naogopa atakufa ameikumbatia hiyo 'wiki moja hivi'."

Kesho yake mzee alipoingia kuoga, mama akainama, akaisogeza B2 kuelekea kwenye kiti. Upana wa kiganja. Akafuta vumbi lililobaki pale ilipokuwa. Mzee akatoka, akakaa, akanywa maji yake, wala hakugonga fimbo. Keshokutwa akasogeza tena. Na siku iliyofuata tena. Kosa lile lile ambalo mumewe aliwapeleka watu mahakamani kwa ajili yake miaka thelathini na sita, yeye analitenda sebuleni kila asubuhi, amevaa khanga na ndala. Aliniambia kila asubuhi alichungulia kwanza mlango wa bafu. Akanicheka mimi na ule utani wangu, akasema mzee kazeeka, macho yameisha, haoni tena.

Siku ya ishirini na tano, kopo likagusa mguu wa kiti. Saa nane mchana binti alikuja, bado na mkanda wa vifaa kiunoni, akamweka mtoto kwenye mkeka. Mtoto akatambaa. Akafika kwenye B2, akailamba. Kisha akashika suruali ya babu yake, akajivuta.

"Amevamia," Bikoni akasema.

"Yuko kwake," mama akasema toka jikoni. "Angalia mpaka."

Akaangalia mpaka. Akaangalia muda mrefu. Halafu akainama, pamoja na mgongo ule, akambeba. Binti anasema baba yake hakulia. Alimpima tu kwa mikono, juu chini, juu chini, akasema, "Kilo saba na nusu." Wakampeleka kliniki kesho yake. Kilo saba na gramu mia sita. Akaomba radhi kwa kukosea.

Akambeba kila siku, saa nane mpaka saa kumi, siku kumi na tisa. Siku ya ishirini hakuamka.

Mimi nilipoambiwa habari hii nilikasirika. Siku ishirini na tano bikoni inatembea, siku kumi na tisa mtoto mikononi. Angeweza kumbeba zote arobaini na nne, mtu mzima yule. Hesabu hiyo hata mimi niliyekimbia chuo naiweza. Nikasema, mzee, hata siku za mwisho umekataa kukadiria.

Basi. Juzi mama akaniita nyumbani. Alikuwa anapanga vitu vya marehemu, akakuta daftari lake la kazi, lile la jalada gumu alilokuwa akienda nalo mashambani. Akanipa nisome kwa sauti, maana yeye alishindwa. Nawasomea kama lilivyoandikwa. Tarehe ipo, saa ipo.

Siku ya kwanza ameandika: "B2 imesogezwa sentimita nane. Mhusika namfahamu. Hakuna hatua."

Siku ya pili: "Sentimita nane. Hakuna hatua."

Na siku ya tisa: "Sentimita nane. Zimebaki mia moja ishirini na nane. Kwa mwendo huu ni siku kumi na sita. Mhusika anachelewa."

Nilipofika hapo mama alininyang'anya daftari, akalipiga piga pajani. Akasema, "Si angesema? Ningeisukuma na mguu." Akacheka, akalia, akacheka tena, na mimi nikabaki nimekodoa macho kwenye alama ya duara la chokaa iliyoachwa na B2 sakafuni.

Pole sana mama. Pole sana fundi wetu wa umeme, na wewe Mpangaji, utakayehadithiwa haya ukiwa mkubwa na hutaamini. Studio nzima iko pamoja nanyi.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa, wanaume hasa, mgongo ukikuuma mwezi wa kwanza, usiusingizie mzigo. Nenda ukapimwe, tena udai tarehe kwenye karatasi. Na wewe mwingine, ambaye hapo ulipo unamngoja mtu wako avuke mstari aliouchora mwenyewe, na unausogeza polepole asikuone, kumbuka lile daftari la Bikoni. Huenda anakuona. Huenda anahesabu. Leo sogeza viganja viwili.