Isla MacAskill, Aliyemtafutia Rhoda Kaburi

Mke wangu Rhoda alikufa Januari. Isla MacAskill anastaafu Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na moja kwenye meza ya nyaraka za serikali, hapa maktabani, Halifax. Mimi nabeba maboksi huko chini. Wameniambia niandike juu yake. Siwezi kumwandika bila kumtaja Rhoda.

Isla mnamjua. Chai yake nyeusi kama lami. Aje wakili, aje mvuvi aliyegombana na serikali, swali ni moja: "Mwaka ule, kazi hiyo ilikuwa ya nani?" Maana wizara zinabadilishwa majina, na karatasi zinabaki na jina la zamani. Ukimjibu "ya serikali," anacheka: "Serikali ipi, mpenzi? Ziko nyingi kuliko shakwe wa bandarini."

Rhoda alitaka alazwe kando ya mama yake, Scaur Cove. Kijiji kilihamishwa zamani, pakawa hifadhi. Watu wa hifadhi wakasema pale hapazikwi tena. Ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi, haichimbiki, kwa hiyo Rhoda akangoja kwenye chumba cha maiti cha makaburini, na wenzake waliokufa majira yale ya baridi. Ardhi ikilainika, lazima azikwe. Kama si kule, basi hapa mjini, kati ya wageni.

Nikamwambia Isla nimetafuta sheria ya kuruhusu azikwe kule, hakuna.

"Umetafuta wapi?"

"Kwenye sheria zote."

"Hizo ni zile zinazochapwa upya, Murdo. Sheria ya kijiji kimoja haichapwi tena. Inabaki kwenye kitabu cha mwaka wake. Na kama hakuna aliyeifuta, bado ina nguvu."

"Sasa mwaka gani?"

"Mke ni wako, unaniuliza mimi? Walihamishwa lini? Haya, kalete vitabu, acha kunikodolea macho."

Nikaleta. Tukawa tunapekua saa za chakula, sandwichi za mayai mkononi. Akaipata: familia za Scaur Cove zizike wafu wao pale, siku zote. Akanisomea. Nikamwomba anisomee tena. Akasoma tena, polepole.

Watu wa hifadhi walipoona nakala, wakafungua geti. Jana tulimzika Rhoda. Isla alikuja na buti za mpira na biskuti za shayiri, akasimama na mimi mpaka udongo wote ukarudi kaburini.

Isla, asante. Sasa lala mpaka saa nne asubuhi, chai ikungoje wewe. Maboksi yako ya kuondokea nitayabeba mimi, mtu mwingine asiyaguse. Kesho narudi kazini.