Maisha ya Taratibu, Mvutaji wa Magari Yaliyokwama

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi nyote mliokaa nasi tangu Jumanne, naomba mnisikilize kwa dakika chache, mimi ni shemeji wa marehemu, mdogo wa mjane wake, na nilifanya kazi na marehemu kwa miaka ishirini na tisa, ndiyo maana familia imenipa mimi kazi ya kuandika na kuisoma karatasi hii.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Taratibu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mbao, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, baba yake akiwa mpasua mbao na mama yake mshona mashuka ya hospitali. Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza mwaka 1972, na mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu ana akili ila ni mzito wa kuanza, maneno ambayo baba aliyasoma mara mbili, kisha akasema, "Hayo katoa kwa mama yake," na inasemekana baba alijipakulia mwenyewe chakula siku hiyo. Mwaka 1974 hadi 1975 alisomea umakanika katika chuo cha ufundi, akafaulu vizuri.

Mwezi Februari 1976 aliajiriwa katika karakana ile ile ya mbao kama dereva wa trekta, akiburuta magogo kutoka bondeni, kazi aliyoifanya hadi karakana ilipofungwa tarehe 30 Septemba 1988. Huko ndiko alikopata jina lake, kwa sababu alikuwa akimwambia kila mtu "taratibu", vibarua, wapakiaji, na siku moja meneja mwenyewe aliyekuwa anapiga honi nyuma yake, akashuka kwenye trekta, akaenda mpaka dirishani, akamwambia kwa adabu, "Bosi, taratibu, gogo halisikii honi."

Mwezi Novemba 1988 alijipatia pikapu kuukuu ya kijivu, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, iliyokuwa ikibeba nguzo za simu, nayo ilikuja bila kioo cha kulia na mlango wa abiria ukifungwa kwa waya. Kabla ya kuitembeza kazini alikaa nayo mwezi mzima, akachomelea ndoano mbili nene kwenye chesisi, ule uti wa chuma ulio chini ya gari, moja mbele na moja nyuma, akabadilisha springi, akaanza kazi ambayo wengi wenu mlimfahamu nayo. Alivuta malori kwenye matope, aling'oa visiki kwenye viwanja vya watu waliotaka kujenga, alilipandisha tenki la maji la shule juu ya kilima, na aliburuta tanuri la mwoka mikate juu ya mabomba ya chuma kupitia mitaa mitatu, huku watu wakikusanyika kutoa ushauri, naye akiwasikiliza wote kwa heshima, kisha akifanya kile alichokuwa amekusudia tangu mwanzo.

Ndoa yake nayo ilianzia kwenye matope. Mwezi Machi 1989 lori lililoleta madawati lilikwama kwenye uwanja wa shule aliyokuwa akifundisha dada yangu, marehemu akaja kulivuta, akafanikiwa, lakini uwanja ukabaki na mitaro miwili mirefu, na dada yangu akamfuata na chaki mkononi akamuuliza, "Sasa watoto wangu watacheza wapi?" Jumamosi alirudi na sepetu, akafukia mitaro yote peke yake mpaka saa nane mchana, na Jumamosi iliyofuata alirudi tena kuangalia kama udongo umekaa sawa, ingawa mvua haikuwa imenyesha. Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1989, wakajaliwa watoto watatu, binti aliyezaliwa mwaka 1991 ambaye sasa ni muuguzi, kijana wa mwaka 1993 ambaye ni fundi umeme, na binti wa mwisho wa mwaka 1997 ambaye amefuata ualimu wa mama yake, na marehemu ameacha wajukuu wanne.

Mimi nilijiunga naye mwaka 1991, baada ya kushindwa uashi, na kazi yangu ilikuwa kufunga kamba ya waya kwenye gari lililokwama na kusimama nje nikimwonyesha kwa mkono, vuta, simama, legeza. Yeye akiwa kwenye usukani haoni nyuma, anamwona mtu wake tu, na alinifundisha jambo moja kabla ya mengine yote, kwamba waya unafungwa kwenye chesisi, haufungwi kwenye bampa hata kwa dakika moja.

Ndugu zangu, hapa nafika mahali ambapo, kwenye karatasi ya kwanza niliyoiandika, palikuwa na mstari mmoja tu, uliosema kwamba tarehe 22 Mei 1999 marehemu alipata ajali kazini. Leo nitasoma zaidi ya hapo.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na lori la saruji lilikuwa limezama mpaka ekseli kwenye kiwanda cha matofali. Mchana wa siku hiyo nilikuwa nakwenda kupeleka posa, na nilikuwa nimevaa suruali mpya. Ndoano ya chesisi ya lori ilikuwa chini ya matope, kuifikia ilibidi nilale kifudifudi, nami nikaitazama suruali yangu, nikaupitisha waya kwenye bampa. Shemeji aliuliza kutoka dirishani, "Umefunga chini?" Nikajibu, "Nimefunga." Hakuuliza mara ya pili, akaweka gia nzito, akasogea polepole mpaka waya ukanyooka, akaongeza mafuta kidogo, na bampa likang'oka, likaruka na waya wake, likapita kwenye kioo cha nyuma cha pikapu na kumpiga begani na sikioni upande wa kushoto.

Alilazwa wiki tano. Sikio la kushoto halikusikia tena, na mkono wa kushoto, ambao ndio wa gia, haukupanda tena kupita kifua. Siku ya pili mkaguzi wa usalama alikuja wodini na daftari lake, mwenye lori akiwa pembeni, nami nikiwa nimesimama miguuni pa kitanda, na mkaguzi akauliza ni nani aliyefunga waya. Shemeji akasema, "Nilifunga mwenyewe." Mkaguzi akaandika, nami nikanyamaza.

Walipotoka nikamwambia kwamba nitawafuata nikaseme ukweli, akanishika kwa mkono mzima, akaniambia, "Shemeji, mimi nina gari, hata wakinisema nitapata kazi kesho kutwa. Wewe una mikono tu, wakisema mikono yako haifungi vizuri, nani atakuita? Na posa je, imepokelewa?" Nikamwambia haikupelekwa. Akasema, "Basi wanakusubiri watu wa heshima, nenda."

Nilikwenda, nikaoa, mke wangu amekaa pale mbele. Marehemu naye alisemwa. Kiwanda cha matofali kiliacha kumwita, kampuni ya mchanga ikaacha, na sokoni watu walifanya jina lake kuwa kichekesho, wakisema Taratibu siku hizi ana haraka. Kwa muda wa miezi saba alishindwa kubadilisha gia, kwa hiyo njiani nilikaa kando yake, yeye akikanyaga klachi na mimi nikisukuma gia, tukigombana kila kona kama wake wenza, na katika ugomvi wote huo hakunikumbusha hata siku moja kwa nini gari moja lilihitaji madereva wawili.

Tarehe 11 Aprili 2006 tuliitwa kwenye daraja dogo ambako basi la wanafunzi lilikuwa limeteleza, magurudumu ya mbele yakining'inia, na watoto thelathini na wanane wakiwa ndani. Alirudisha pikapu mpaka nyuma ya basi, tukaweka mawe kwenye magurudumu, nami nikamwomba ashuke aufunge waya yeye mwenyewe. Alinitazama, akasema, "Funga wewe, mimi nikae kwenye breki." Nililala kwenye matope, nikaishika chesisi kwa vidole kabla ya kuifunga, nikatoka nimejaa tope mpaka masikioni. Hakushuka kukagua. Alilishikilia basi lile kwa dakika arobaini, watoto wakitoka mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, dereva wao akitoka wa mwisho, kisha ndipo akalivuta mpaka barabarani. Baada ya hapo simu zilianza kulia tena, na kiwanda cha matofali kilikuwa cha kwanza.

Mwezi Oktoba 2020 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anapelekwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, kijana wake akiendesha pikapu na yeye akilalamikia klachi njia nzima, mpaka wauguzi wakaijua klachi ile bila kuiona. Hali ilibadilika tarehe 29 Julai mwaka huu wa 2023, akalazwa, na alfajiri ya Jumanne tarehe 8 Agosti, mkewe akiwa amemshika mkono, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 65.

Jana mchana nilimpelekea dada karatasi ile ya kwanza chumbani kwake. Aliisoma yote, akaweka kidole kwenye ule mstari mmoja, akasema, "Mdogo wangu, hapa umeruka kitu." Kisha akasema, "Mume wangu alikuwa anawafukuza watu wanaofunga kwenye bampa, atafungaje yeye? Nilijua siku ile ile." Nikamuuliza kwa nini hakusema kwa miaka yote ishirini na minne, akajibu, "Yeye alishasema ni yeye, na mimi sikutaka kumfanya mwongo mbele ya watu. Sasa liandike." Nimeliandika, na waliokuwa wakisema Taratibu alifanya haraka siku ile, naomba walifute neno hilo, aliyefanya haraka ni mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliomhudumia kwa miaka karibu mitatu, majirani waliochota maji, waliopika na kulala nasi, walimu waliofundisha na dada yangu, madereva na mafundi waliofunga gereji zao leo, na wale wanafunzi wa lile basi, sasa watu wazima, waliokuja kwa miguu yao bila kuitwa na mtu.

Shemeji, ulinibebea jambo langu na hukunidai hata shukrani. Nakushukuru leo mbele ya watu hawa wote. Mwenyezi Mungu akupokee, upumzike kwa amani.