Mashimo Arobaini ya Zahanati

Aliyemwambia mkwe wa mzee kwanza ni dereva wa kampuni, tena kwa kucheka, akidhani anajua. Alikuja asubuhi kumchukua mume wake, akamkuta yeye uani anaanua nepi.

"Shemeji, miche ya babamkwe mwaka huu imetutoa jasho! Imeshika ardhi kama meno ya gego. Mimi na bwana wako tumeing'oa mpaka viganja vikachubuka, tukaenda kuitupa machimboni."

Mkwe alikunja nepi ile ile mara tatu. Siku mbili alikaa na neno hilo kifuani kama mtu aliyemeza kokwa, na siku ya tatu, akimnywesha mzee, babamkwe wake aliyelala kitandani mgonjwa, chai kwa kijiko, likamtoka. Mzee alimaliza chai yake yote. Kisha akasema waitwe wanawe.

Alasiri wakaja. Mtoto wa kwanza, mume wa mkwe huyo, ambaye ni mratibu wa kampuni hapo mtaani, alikuja na fulana ya kijani ya kazi, maana kesho yake ilikuwa siku ya kujitolea. Dada yake mshonaji alikuja na futi shingoni. Yeye mkwe akakaa karibu na mlango, mtoto akinyonya. Mzee akaomba ainuliwe mto, akaanza.

"Sikilizeni, wanangu. Sogeeni, sauti hii sasa ni ya kuazima na mwenyewe ameanza kuidai. Usilie, mshonaji, machozi yana siku yake. Nawe mwanangu wa kwanza, weka simu chini.

"Nyumba hii ni yenu wawili. Chumba cha mbele ni cha dada yako na cherehani yake, wala asije mtu akamwambia ahame. Vya nyuma ni vyako na mkeo. Hilo limekwisha, msije mkagombana juu ya matofali. Ndoo yangu ya kumwagilia nitaisema mwishoni.

"Mnakumbuka kampuni ilivyoingia hapa. Walikuja mameneja na makarani, watu wa viganja laini, wakasema siku moja kila mwaka wataacha ofisi zao waje kutufanyia kazi bila malipo. Wakafadhili vitanda vya wazazi vya zahanati, wakawapa vijana jezi, wakapaka rangi kuta, na vioo pia wakavipaka. Sikuwacheka. Yule mama mhasibu aliyepiga magoti kwenye tope na viatu vyake vya ofisini, akaniuliza, 'Babu, nikandamize udongo hivi?', yule alijitolea kweli, na mtu akikujia na moyo mweupe usimhesabie makosa ya mikono. Mimi ndiye niliyekuwa mtunza bustani wa zahanati. Niliwachimbia mashimo arobaini, nikawaoteshea miche arobaini kwenye pakiti za maziwa. Wakapanda, wakapigwa picha, wakaenda. Kumwagilia kukabaki kwangu, asubuhi na jioni, hata nilipokwisha kustaafu, na nilikuwa nikimwaga maji nikijisemea, hapa wagonjwa watakuja kukaa kivulini, nami nitakuwa nimeacha kitu.

"Mwaka ulipotimia, wiki moja kabla ya wao kurudi, nikakuta mashimo matupu. Ukaja wewe, mwanangu, ukasimama pembeni yangu, ukanionyesha mavi ya mbuzi kwenye uzio, ukasema, 'Baba, ni mbuzi wa jirani.'

"Wanangu, mbuzi hula majani akaacha shina. Mbuzi hang'oi mzizi akaondoka nao. Mimi nimeshika jembe miaka arobaini na tatu, na shimo lile halikuwa na hata uzi wa mzizi, na bado nilisema mbuzi. Kwa nini? Kwa sababu aliyesema ni mwanangu. Nikasimama mbele ya kikao cha mtaa, nikaapa. Wakamwamuru jirani afunge mbuzi wake kwa kamba fupi, mwaka hadi mwaka, mvua na jua. Alinitazama akasema neno moja tu: 'Hata wewe?' Tulikuwa tumenyoana nywele tangu ujanani. Mbuzi wa maskini hazai, na wa kufungwa ndiyo kabisa. Kundi lake likaisha, amebaki na mmoja. Watoto wakampachika jina, Mzee Kamba, na mimi nikisikia wanamwita hivyo nilikuwa nikicheka. Nilicheka, wanangu.

"Miaka sita. Mara sita nimeotesha, mara sita mmeng'oa, na kila mara ukaniambia mbuzi kalegeza kamba. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe nilikuwa nikiifua kwa mikono yangu."

"Baba," mtoto wa kwanza akasema, macho chini, "uwanja wenyewe mdogo. Ukijaa miti, mwaka unaofuata watapanda wapi? Wakikosa pa kupanda wanakwenda mtaa mwingine, na vitanda vinakwenda huko. Nilifanya kwa ajili ya watu wetu."

"Ungewaambia! Ungesema, 'Wageni wetu, miti imeshika, njooni mwaka huu mmwagilie.' Yule mama mhasibu angekataa? Angefurahi mpaka alie. Umewadharau waliokuja kutusaidia, ukawafanya watoto wa kuchezea udongo. Na mimi ukanifanya shahidi wa uongo katika uzee wangu. Ungeniambia hata mimi. Ningekukemea, ningekasirika, lakini jirani yangu angekuwa anaingia kwa mlango ule."

Akatafuta pumzi. Mshonaji akataka kumpa maji, akayasukuma.

"Sina deni dukani, sina deni kwa mtu ila huyo mmoja. Kesho asubuhi, mwanangu wa kwanza, kabla ya jambo lolote, nenda kwa jirani. Usitume mtu. Mwambie ni wewe, mwambie na mimi nilijua shimo la mbuzi likoje nikajifanya sijui. Kisha umfungulie mbuzi wake kwa mkono wako. Akitaka kuja, aje nikiwa bado nasikia hatua."

"Kesho ndiyo siku yenyewe ya kampuni, Baba. Mkurugenzi anakuja. Keshokutwa nitakwenda."

Mzee hakumgombeza tena.

"Haya. Ndoo yangu... nampa mkwe. Hakuzaliwa humu, lakini ndiye aliyeniambia. Mtoto wake nambariki, akue awe na neno moja tu mdomoni. Mshonaji, mikono yako isichoke. Na wewe... wewe pia ni mwanangu, sikulaani. Baba halaani alichokipakata. Mungu akupe... akupe aibu kidogo, inatosha. Nishusheni mto. Mlango... msiufunge. Uacheni hivyo hivyo."

Asubuhi iliyofuata fulana ya kijani ilitangulia kutoka. Kutoka zahanati spika zilianza kukoroma, mtu akijaribu, "Moja, mbili. Moja, mbili." Mkwe alimfunga mtoto mgongoni, akachungulia chumbani, akaona shuka ya mzee inapanda na kushuka, akaenda.

Hakuwahi kubisha hodi kwa jirani yule. Alipofunguliwa, maneno yote aliyoyapanga njiani yakapotea. Akasema tu, "Babu, hawakuwa mbuzi. Ni mume wangu. Baba kasema mbuzi wako afunguliwe."

"Kasema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Bado anapumua?"

"Bado, babu. Mlango uko wazi."

Jirani akarudi ndani kutafuta viatu. Mkwe akapiga magoti kwenye kigingi cha mbuzi. Fundo lilikuwa limekaza kwa mvua za miaka, kucha zikashindwa, akalifungua kwa meno. Kamba ikaanguka. Mbuzi hakwenda popote. Alizunguka kigingi, akafika pale kamba ilipokuwa ikimkomesha, akasimama.

"Mwache," jirani akasema nyuma yake, tayari ameshika fimbo. "Atajua mwenyewe. Twende, mwanangu, tembea haraka."