Siku Tisa Zisizopimwa

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Utafiti, wakuu wa idara, wafanyakazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na wewe shemeji yangu, tunayekuaga leo baada ya kukiongoza kituo hiki miaka ishirini na miwili:

Nimepewa dakika tano, na fundi wa vipaza sauti ameshatazama saa mara mbili.

Mtu huyu amepima upepo ambao haujawahi kupeperusha hata shati la mtu. Kilomita tisini juu ya paa hili vimondo huungua na kuacha michirizi. Rada yetu huifuatilia ikisukumwa na upepo, na kwa jinsi inavyofifia tunajua baridi ya huko. Nani kati yetu amewahi kuuliza habari za huko?

Dada yangu aliuliza. Kila asubuhi, akimpa mumewe chai: "Huko juu leo kukoje?" Naye alimjibu kwa tarakimu, kama anayemsomea waziri.

Mwaka wa kumi na tatu wa uongozi wake mtambo wa rada uliungua, dada akiwa amelazwa hospitali. Vipuri vilikuwepo stoo. Shemeji hakubanduka kitandani kwa mkewe, na mimi, wakati huo karani wake tu, sikujua hata kushika bisibisi. Siku ya sita dada akauliza tena.

"Mtambo umezimika, mke wangu. Sijui."

"Basi nidanganye."

"Nikudanganye vipi?"

Dada alicheka mpaka akakohoa. "Mdogo wangu, unamwona mwanaume huyu? Hata kuhusu upepo hawezi kunidanganya!"

Siku ya tisa tulimzika. Kesho yake shemeji aliutengeneza mtambo, na rada ikaanza kupima.

Tangu hapo nimemkuta mara nyingi ameufungua ukurasa ule wa daftari la vipimo, wenye siku tisa tupu. Wiki iliyopita aliniambia, "Laiti ningejua huko juu kulikuwaje. Hata sasa ningemjibu."

Mheshimiwa Mkurugenzi, jana uliniomba, mimi ninayepokea ofisi yake, nizijaze siku hizo kwa wastani, ili takwimu zichapishwe bila pengo. Uliniomba kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo nakujibu mbele ya watu: hapana. Kama wastani ungetosha, dada yangu angepewa.

Shemeji, zitabaki tupu.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu.