Siagi ya Siku ya Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, poleni na uchovu wa siku. Mimi leo nimechoka, sitawaficha. Jana tulimzika Mama Tabea, mkunga wa Kikatiti. Alikuwa na miaka sitini na mbili.

Kazi yake iliwachekesha wengi. Alipita nyumba zenye watoto wachanga akiomba nepi zenye choo. Ndiyo, choo. Watafiti aliowakusanyia walitaka kujua bakteria wanaingiaje kwenye utumbo wa mtoto. Wapo wanaotoka kwa mama wakati wa kujifungua. Wapo wanaotoka kwenye ngozi yake na maziwa yake. Mama Tabea alieleza hivi: "Utumbo wa kichanga ni nyumba mpya. Anayewahi ndiye anayechagua chumba." Ndiyo maana aliyapigania yale maziwa ya kwanza, ya njano, yanayowalisha bakteria wazuri. Wengine bado wanayakamua na kuyamwaga, eti machafu.

Miaka kumi na moja iliyopita, Kimandolu, Nashipae alijifungua mtoto wa kike. Mama Tabea ndiye aliyempokea. Siku ya nne mtoto akaanza kuharisha. Mama Tabea akamuuliza mama mkwe wa Nashipae, Nasieku: "Mama, amepewa kitu kingine?"

"Ziwa tu," akajibu Nasieku.

Siku ya sita mtoto akafariki.

Ziwa tu. Ndivyo Mama Tabea alivyoandika daftarini. Basi akajilaumu mwenyewe. Mume wake, mzee Ezra, ameniambia: "Alisema uchafu labda ulitoka mikononi mwake. Miaka kumi na moja, mwanangu. Nilimbembeleza mpaka nikachoka."

Jana baada ya mazishi, bibi Nasieku alinivuta pembeni. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa shida. Maneno yake ameniruhusu niyaseme hewani: "Nilimlambisha siagi ya ng'ombe kabla ya ziwa, kama sisi tulivyolambishwa. Niliona aibu kumwambia nesi. Kama ni siagi iliyomuua, sijui. Ila nilidanganya, na mzigo akabeba yeye. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kumwambia."

Nilikasirika, halafu nikamhurumia, halafu nikakaa chini.

Mzee Ezra, watoto na wajukuu, poleni sana. Nashipae, pole tena. Nanyi wasikilizaji wapendwa, nesi akiuliza mtoto amepewa nini, mwambieni, hata kwa aibu. Nasieku alingoja siku nzuri miaka kumi na moja, na ikawa jana.