Ng'ombe Kumi na Wanane wa Salome

Salome, mayu, mama yangu, niinue kidogo, uniegemeze ukutani, hapo, basi. Ansgar, funga mlango, na hiyo simu iweke hapa kifuani kwangu, sauti uifungulie yote, maana mdogo wenu amekataa kuja na mimi simlaumu. Nestory, najua unasikia, nasikia makarasha ya huko machimboni Rwamgasa yakisaga mawe nyuma yako. Usinijibu. Sikiliza tu mpaka nimalize, na dakika zikiisha kaka yako ataongeza. Mimi Januari, baba yenu, nasema haya nikiwa na akili zangu zote, na nyote watatu tulieni, kwa sababu madaktari wa Kolandoto wamenirudisha hapa Didia kwa maneno matamu na kunishika bega, na mzee akishashikwa bega namna ile haulizi tena dawa anywe saa ngapi.

Nianze na mepesi. Shamba la mpunga la bondeni mtaligawa kwa watatu, na atakayemwambia Salome kwamba binti aliyeolewa hana shamba kwao, ajue nimemkatalia kwa kinywa changu leo. Apolonia, mdogo wake mama yenu, ananidai madebe manne ya mpunga tangu mwaka juzi. Mlipeni mpunga, msimpe fedha, kwa sababu fedha ya mwaka juzi si fedha ya leo. Plau ni ya Ansgar, ingawa ng'ombe wa kuikokota hakuna. Hapo kwenye ng'ombe ndipo ninapotaka kufika, na ndipo ninapoogopa kufika, kwa hiyo mtanivumilia nikizunguka.

Mnajua naitwa Nusu Bati, mmekua mkilisikia jina hilo na kulicheka, lakini sijawahi kuwaeleza vizuri lilivyoniingia. Miaka ya themanini mwanzoni nilivuna pamba misimu mitatu mfululizo, na kila msimu nilipeleka fedha benki mjini Shinyanga, nikitaka mabati arobaini, nyumba ya kwanza ya bati katika kitongoji hiki. Mwaka wa kwanza zilitosha, ila nilitaka na saruji ya sakafu, nikangoja. Mwaka wa tatu nilipokwenda kuzitoa, karani alinihesabia noti zote, haikupungua hata moja, nikatoka nazo mpaka dukani nikapewa mabati kumi na saba. Hakuna mwizi aliyeniingilia, hakuna mtu niliyeweza kumkamata shati nikamwambia nirudishie jasho langu. Redio ilisema tu kwamba shilingi imeshushwa. Nikaezeka upande mmoja bati na upande wa pili nyasi, na watu waliokuwa wakipita njiani wakanipa jina.

Tangu siku hiyo sikuiamini noti tena. Niliificha fedha, niliigeuza mbuzi, niliigeuza mpunga, na kila nilipoigeuza nililala vizuri siku mbili tatu. Kisha miaka hii ya karibuni kila nikiwasha redio ni deni la taifa. Trilioni. Milioni naijua, ng'ombe dume mzuri anaifikia, lakini trilioni siijui. Kuna mtu alisimama mnadani akaligawa deni lile kwa vichwa vya Watanzania, akasema hata mtoto aliyezaliwa asubuhi hii anadaiwa, watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka sasa. Nani alikuja Didia kuniuliza kama nakopa? Dole gumba langu liko wapi kwenye karatasi hiyo? Wanakopa wao, na siku ya kulipa tunashushiwa shilingi sisi wenye madebe ya mpunga na mabati kumi na saba. Ansgar, ulinijibu kwamba nchi zote hukopa, baba, na deni letu ni himilivu. Nikakufukuza. Nikakwambia ualimu umekujaza maneno ya wakubwa, nikakutukania na mkeo kwa ile mikopo yake ya kausha damu. Kwa mkeo nilikosea. Kwa habari ya shilingi, sijui kama nilikosea.

Ndipo ukaja mwaka ule wa ukame, na vita vya huko mbali vikapandisha mafuta ya kula, mbolea, nauli, mpaka mche wa sabuni mama yenu akawa anaukata vipande vidogo na kuuficha. Nikasema ndiyo haya, yamerudi, na safari hii hayatanikuta nimelala.

Zizini wakati ule palikuwa na ng'ombe kumi na wanane wa Salome. Mayu, ulipoolewa Bukombe walikuja wote kwa miguu, mama yako akapiga vigelegele mpaka akapaliwa. Na hapa hakuna wa kufundishwa: ng'ombe wa binti si mali ya baba kuchezea, ni wa kumwolea kaka yake. Walikuwa wa Nestory. Nestory alikuwa tayari anaishi na Euphrasia huko Rwamgasa, wameshapata mtoto, Herman, na baba yake Euphrasia, Mzee Marcel wa Ushirombo, alikuwa amevumilia bila kupewa hata mkia, kwa sababu mimi nilimpa neno langu kwamba binti yangu akiolewa tu, ng'ombe watakaoingia kwangu watapitiliza mpaka kwake.

Niliwaambia nini ninyi? Niliwaambia nimewapeleka kwa rafiki yangu upande wa magharibi, kwenye majani, kama tunavyowekeana mifugo siku zote, na kwamba ukame uliwamalizia huko. Mlinipa pole. Nestory, ulikuja na kilo mbili za sukari, ukakaa nami nje siku nzima, ukasema baba usijiumize, tutaanza upya. Nikainywa chai ya sukari yako. Hakuna ng'ombe aliyekufa, mwanangu. Niliwauza.

Salome, usitoke. Lieni hapa hapa, nami niwaone.

Niliwauza minada miwili, tisa na tisa, kwa bei ya ukame, nikafunga fedha kiunoni, nikapanda basi mpaka Geita, nikaingia Rwamgasa na kufikia kwako, Nestory. Euphrasia alinichemshia maji ya kuoga. Alipiga magoti, shikamoo baba, akanipikia samaki, akanitandikia kitanda chenu na ninyi mkalala chini, maana mlidhani mzee amekuja kuzungumza habari ya mahari. Asubuhi nikasema nakwenda kunyoosha miguu. Nikapita kwa mlanguzi mmoja wa nyuma ya makarasha, jina lake halina faida kwenu, akanipimia mbele ya macho yangu gramu mia na sita za dhahabu, nikarudi nikala chakula cha mchana cha mkeo, nikaaga. Kwenye basi nilijiambia kwamba dhahabu hainywi maji, haiugui miguu na midomo, na hakuna waziri wa kuishusha. Nilifurahi, wanangu. Sikumbuki kufurahi namna ile tangu ujana wangu.

Na hesabu yangu haikuwa mbaya, hilo ndilo linalonichoma. Bei imepanda, ikapanda tena, leo gramu moja inaleta fedha ya gramu karibu tatu za siku ile. Ningeweza kuuza nusu tu, nikamlipa Mzee Marcel ng'ombe wote, na nusu nikabaki nayo. Lakini mimi nilikuwa naingoja siku. Siku ambayo noti zitakuwa karatasi tupu, watu wabebe fedha kwa magunia kununua chumvi, na Didia nzima ije mlangoni kukiri kwamba Nusu Bati alikuwa na akili. Niliitamani siku hiyo kama mtu anavyotamani mvua. Mungu anisamehe, nikisikia bei ya sukari imeshuka nilikuwa nanuna, na mama yenu ananiuliza kulikoni nami namwambia ni mgongo.

Wajumbe wa Mzee Marcel walikuja hapa mara mbili. Mara ya kwanza niliwaeleza habari ya ukame, wakanionea huruma. Mara ya pili hawakunywa hata maji. Mara ya tatu hawakupita hapa kabisa, walikwenda moja kwa moja Rwamgasa wakamchukua Euphrasia na Herman, na Euphrasia mjamzito wa miezi saba, na walikuwa na haki yao, kwa sababu pasipo ng'ombe watoto ni wa babu yao wa kwa mama na jina ni la ukoo wake. Nestory, ulinipigia simu unalia, mwanaume mzima mwenye ndevu, nikakwambia vumilia. Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda hiki nikikwambia vumilia.

Ngojeni nipumue. Nakuja kwa mama yenu.

Mbuke alipougua tumbo walisema apasuliwe, wakataja gharama. Haikuwa gharama ya kutisha. Gramu nane zingemaliza kila kitu na nauli ya kurudi. Nikawaambia ninyi kwamba sina. Mkachanga, Salome ukauza vitenge vyako, Ansgar ukaenda kukopa, na kabla fedha haijatimia akafa. Alifia hapa nilipolala. Kitanda hiki ni cha chuma, na mguu huu wa kichwani, wa upande wa ukutani, una uwazi ndani. Nimeuziba chini kwa kitambaa na kipande cha mti. Dhahabu imo humo. Ilikuwa humo wakati yeye anajigeuza kwa maumivu juu yake. Na alijua. Sikuwahi kumwambia, lakini mwanamke anayefagia chini ya kitanda kimoja miaka arobaini anaujua mguu uliofunguliwa. Siku moja kabla hajafa aliniambia, "Baba Ansgar, utaitunza mpaka lini?" Nikageuka nikajifanya natafuta viatu.

Ansgar, kaa. Unayo haki ya kunipiga, lakini kaa kwanza, sijafika kwenye maagizo.

Kesho kukipambazuka, niwe hai au nisiwe hai, fungueni mguu huo. Ansgar uichukue, ukutane na Nestory Geita, muingie soko la madini kwa mlango wa mbele, na mkiulizwa imetoka wapi semeni baba yetu aliinunua kwa uoga wake, na kama kuna faini wakate. Kwa Mzee Marcel msipeleke noti. Nunueni ng'ombe, kumi na wanane aliokuwa akinidai na wawili wa kumwomba radhi, wenye afya, na waingie Ushirombo kwa miguu, mchana, watu wakiona. Nestory awe mbele. Salome uende nao, kwa sababu wale wa kwanza walikuwa wako. Kitakachobaki kilipe mkopo wa Ansgar, kimrudishie Salome vitenge vyake, na kimjengee mama yenu kaburi la saruji. Mimi nizikeni kwa mkeka, na matanga yangu wapikieni watu maharage. Asichinjwe hata kuku.

Na nikigeuza maneno kabla ya asubuhi, nikisema subirini kidogo, bei itapanda, msinisikilize. Najijua. Hata sasa ninapotamka neno uzeni, kuna kitu kifuani kinanivuta shati. Ugonjwa huo Kolandoto hawakuuona kwenye vipimo vyao.

Shilingi itasimama au itaanguka, sijui, na yule anayesema redioni hajui. Inawezekana bado ikaja ile siku, na ninyi mkaikuta bila dhahabu, mkanilaani kwa agizo hili. Wekeni mpunga ndani, pandeni mihogo, ogopeni kadiri ya kuogopa. Lakini mtu wa nyumbani kwenu akisema anaumwa, uzeni. Akisema anaoa, toeni.

Maji. Tone tu, mayu, linatosha.

Ansgar, nipe kichwa chako. Mungu akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo, na umwambie mkeo kwamba baba mkwe wake ameomba radhi. Salome... uzao wako usikauke, mlango wako usikose mgeni. Wabeja, mayu, asante. Umenisafisha wiki tatu hujakunja uso, na leo umejua ulikuwa unamsafisha nani.

Nestory. Wewe sitakubariki. Mkono huo sina. Ukifika Ushirombo piga magoti kwa Mzee Marcel, yeye ndiye anayelisha wanao, yeye akuwekee mkono kichwani. Mwambie... mwambie mimi ndiye niliyesema.

Ansgar, hajakata? Bado yupo?

Herman namjua. Nilimbeba, alinishika ndevu. Yule mwingine... aliyezaliwa kule, baada ya... Walikuja kunipa habari, nikawauliza mnada ulikuwaje. Ni wa kike, eti? Miaka miwili... Nestory, sasa jibu. Jibu hili moja tu.

Anaitwa nani?